Mshabiki wa Gari ya Usalama

Mabela, Jumatano, baada ya Alasiri

Mwanangu Zuwena,

Kwa barua hii natangaza rasmi, mbele ya mama yako ambaye hayupo na paka ambaye amelala, kwamba rimoti ya televisheni, iliyokuwa mikononi mwako miaka yote hii kwa nguvu na bila ya uchaguzi, itarudi chini ya mamlaka yangu kesho asubuhi, pindi ndege yako itakapoinua magurudumu. Tangazo hili halina rufaa. Nakala yake imehifadhiwa nyuma ya mto wa kochi, pamoja na rimoti yenyewe.

Nimeona nianze na khabari kubwa. Zilizobaki ni ndogo.

Sasa hivi umekwenda na mama yako kutafuta koti la baridi, katika mji ambao watu wake koti wanaliona kwenye filamu. Kabla hujatoka ulisimama mlangoni, ukavaa viatu polepole kuliko desturi yako, ukasema, "Baba, sanduku naliacha hapa sebuleni. Halina kufuli."

Nikasema, "Sasa?"

"Sasa hakuna. Nakupa khabari tu." Halafu ukiwa umeshafungua mlango: "Na lile suali langu, nikirudi nataka jibu. Nataka niondoke nalo."

Lile suali ni hili, nalitia hapa ili nisije nikajifanya nimelisahau. Siku ile ya Hamriya, miaka miwili nyuma, mimi nilifikaje pale dukani?

Nimeshakujibu mara tatu. Mara ya kwanza nilisema nimekuja kuangalia mbio za magari. Mara ya pili nilisema nilikuwa natafuta balbu ya taa ya mbele. Mara ya tatu, juzi kwenye chakula cha mchana, nilisema wali umezidi chumvi.

Basi nimekaa, nna kalamu, nna muda wa saa mbili nzima kama nakujueni vyema wewe na mama yako mkishaingia dukani, na mbele yangu pana sanduku la buluu, limesimama kama mtu aliyeambiwa asubiri. Mtu aliyekagua magari maisha yake yote ya kazi, ukimwacha peke yake na sanduku lisilo kufuli, unajua unachokifanya. Huu ni mtego. Nimeutambua mara moja, maana ningeutega hivi hivi.

Kuhusu nguo, chakula, sala, simu, na namna ya kufuturu peke yako Ramadhani ikiingia, mama yako ameshakuandikia karatasi nne mbele na nyuma. Sina la kuongeza. Mie nitakueleza msimu mpya wa mbio. Najua unakwenda kufanya kazi huko huko, kwenye kiwanda cha timu ya mbio, Uingereza, kusoma uchakavu wa matairi kwenye skrini, na kwamba ukilala usingizi unazijua mbio hizi kuliko mimi nikiwa macho. Lakini mtu anapokwenda kuishi na watu, si vibaya akawasikia pia kwa asiyewaamini.

Kwa hiyo. Timu ni kumi na moja, kila timu gari mbili. Wanazunguka dunia kuanzia Machi mpaka Disemba. Ijumaa wanajaribu, Jumamosi wanagombea nani aanze mbele, Jumapili wanakimbia. Mbio moja ni kiasi cha kilomita mia tatu, yaani kama kutoka hapa kwetu kwenda Sur na kurudi kipande, ila wao hawafiki popote. Wanamalizia pale pale walipoanzia, wanapewa vikombe. Kumi wa mwanzo wanapata pointi, waliobaki wanapata jasho. Hilo peke yake lingetosha kunitia shaka.

Mwaka huu wamebadilisha karibu kila kitu. Gari zimepunguzwa kimo na uzito. Mabawa yake, la mbele na la nyuma, yanalala gari ikiwa kwenye nyoofu na yanasimama ikifika konani. Na injini, karibu nusu ya nguvu sasa inatoka kwenye betri, kwa hiyo dereva inambidi abane mwendo mahali fulani apate kuchaji umeme, ili autumie mahali pengine. Nilipofahamu hilo nilimwambia mama yako, "Watu hawa wanalipwa kwenda mbio, na sasa wanafundishwa kwenda pole."

Mama yako akasema, "Wangekuchukua wewe, usingehitaji kufundishwa."

Uzuri wake ni mmoja. Sheria zikigeuka namna hii, hakuna anayejua nani mwepesi. Bingwa anaingia uwanjani hajui lake. Kwa mara ya kwanza tangu niingie katika mambo haya, mie na wao sote ni wageni.

Halafu kuna tairi, ambazo ndiyo kazi yako na ndiyo ilikuwa yangu. Ubavuni zina mstari: nyekundu laini, inakwenda na inakufa mapema, manjano ya kati, nyeupe ngumu, pole, inadumu. Kukiwa hakuna mvua lazima dereva atumie aina mbili katika mbio moja. Nikadhani nimeelewa, mpaka uliponiambia kwamba nyekundu ya safari hii si lazima iwe nyekundu ya safari iliyopita. Wanachagua mipira mitatu kutoka kwenye akiba yao, na iliyo laini kuliko wenzake ndiyo inayopakwa nyekundu. Yaani rangi ile ile, mpira mwengine. Mtu angeniletea hivyo kwenye laini yangu ya ukaguzi ningemrudisha kwao kwa adabu.

Jambo moja tu la mbio hizi nimelipenda bila ya shaka yoyote: wakimaliza, gari zinapimwa kwenye mizani, na madereva nao wanapanda mizani, mmoja mmoja, na kofia zao, wanatoka jasho kama walioingia mvuani. Aliyepungua uzito anaondolewa, hata awe wa kwanza. Nikaona hapa sasa pana watu wenye akili.

Lakini lililoninyima raha ni majaribio.

Kabla ya msimu kuanza, timu zinatoa gari zao mpya kuzijaribu. Mwaka huu mwanzo walijifungia ndani, geti limefungwa, hakuna wa kutazama. Baadaye ndiyo wakahamia Bahrain mbele za watu. Zikaja saa za kila mmoja, nani kazunguka kwa muda gani. Nikachukua karatasi, nikazipanga kuanzia wa mwanzo hadi wa mwisho, kwa mstari na rula. Wewe ulikuwa jikoni unakata tango. Ukaniona, ukacheka.

"Baba, usijichoshe. Wanaficha."

"Wanaficha nini?"

"Kasi. Wanajaza petroli nyingi makusudi, gari iwe nzito, ionekane haiendi. Mpaka siku ya mbio yenyewe."

Nikaweka rula chini.

Mie, Zuwena, miaka yote nimeishi na watu wanaoficha ubovu. Hapa kwetu gari ikishazeeka haiandikishwi mwaka mpya mpaka ikaguliwe. Nilikuwa naona tairi nne zile zile nzuri zinanijia mara tano kwa wiki, kila mara chini ya gari nyengine. Mtaa mzima umeazimana. Nilizitia alama ya chaki kwa ndani, na zikifika nikawa nazisalimia: "Mmerudi? Huko nyumbani hawajambo?" Wenyewe wanaangalia juu kama hawakusikia. Hilo nalielewa. Mtu ana kibovu, anakionyesha kizuri. Lakini mtu ana kizuri, akakionyesha kibovu?

Nikakuuliza. "Sasa kwa nini mtu afiche uzuri wake?"

Hukunitazama. Ulikuwa unamalizia tango. Ukasema, "Kwa sababu akiuonyesha, atachunguzwa."

Nilidhani unazungumzia mbio. Siku mbili nzima nilidhani unazungumzia mbio. Ilikuwa Ijumaa, niko msikitini, khatibu anazungumza mambo mengine kabisa, ndipo nilipoona mbele yangu ile karatasi yako ya skuli.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulirudi umeishika kwa mikono miwili isikunjike. Wa kwanza, mashindano ya gari ndogo za umeme wa jua, zile mlizozitengeneza kwa mbao na makopo. Ulisimama pale pale lilipo sanduku sasa. Niliipokea, nikaigeuza nyuma, maana mkono una mazoea yake, nikauliza, "Nani kakufanyia?"

"Hakuna."

"Fundi gani?"

"Hakuna, Baba."

Mama yako kutoka jikoni: "Mpe mabruk mtoto, wewe bwana." Nikasema nitampa, nitampa, haendi popote.

Kesho yake nilimpigia simu mwalimu wako. Nikamuuliza, kwa heshima zote, kama mtoto wangu alisaidiwa. Akasema hakusaidiwa, bali yeye ndiye aliyewasaidia wenzake watatu mpaka gari zao zikasogea. Nikamshukuru. Nikapita kununua keki, nikaja nayo nyumbani nimefurahi, nikasema haya, mabruk. Sikujua kwamba mwalimu alikuwa ameshakueleza baba yako kauliza nini. Keki hukuila. Ulisema jino linakuuma.

Tangu hapo ukaanza kuniletea khabari za kati na kati. Mtihani vipi? "Si mbaya." Chuoni vipi? "Tunakwenda." Na mie nikaridhika, nikajiambia mtoto wangu ni wa kati na kati, alhamdulillah, mtu wa kati na kati hapati kijicho wala ajali. Kumbe ulikuwa umejaza petroli. Miaka yote ile ulizunguka mbele ya macho yangu na tangi limejaa, na mimi mkaguzi mzima nikaandika: pole, lakini salama.

Nimeinuka kidogo kunyoosha miguu. Nimelizunguka sanduku mara moja, kwa mbali. Zipu umeiacha wazi kiasi cha vidole viwili. Hiyo nayo si bahati mbaya. Nimerudi kitini.

Sasa Hamriya.

Ulikuwa mwaka wa pili chuoni. Kila Jumapili alasiri ulichukua gari ya mama yako, unakwenda Ruwi kwa khalati yako Zuhra, dada wa mama yako. Jumapili ya kwanza, ya pili, sawa. Ya tatu ulipita karibu yangu kuingia ndani, nikasikia harufu ya mpira. Si mpira wa barabarani. Mpira mpya, ule ulio bado na vinyweleo vyake, haujawahi kugusa lami. Khalati yako Zuhra anashona mabuibui.

Sikukuuliza. Mtu wa kawaida angeuliza. Mie nilingoja Jumapili iliyofuata, nikaingia garini, nikakufuata. Nakupa khabari kamili, kama wanavyotaka kwenye ripoti: nilivaa kanzu yangu nyeupe, miwani ya jua, na kofia ya besiboli niliyoazima kwa jirani, nisijulikane. Kanzu na kofia ya besiboli. Kila taa niliyosimama, watu walinitazama mpaka ikawaka kijani.

Ulifika Ruwi, ukaupita mlango wa khalati yako bila hata kupunguza mwendo, ukaingia Hamriya, ukaegesha nyuma ya duka la matairi. Duka limeshushwa shata. Ukagonga mlango wa ubavuni, ukafunguliwa, ukaingia kama mwenyeji. Mie nikakaa garini dakika ishirini. Sitakwambia yote niliyoyafikiri. Nitakwambia tu kwamba dakika ishirini zilipokwisha nilikuwa nimeshamtunga mtu mzima, kwa jina lake, na mama yake, na gari yake isiyokatiwa bima, na nimeshamkatalia ndoa.

Kisha nikagonga.

Akafungua mwanamke wa Kikenya, fulana ya duka, penseli kwenye nywele. Ndiye Njeri, msimamizi wa stoo, aliyekuuzia tairi za gari ya mama yako na mkafanya usuhuba. Lakini wakati huo simjui, wala yeye hanijui.

"Karibu mzee," akasema. "Tushafunga, mudir wa duka ameenda, lakini kama ni pancha hatuwezi kukuacha hapo nje."

Nyuma yake nikaona chumba kimejaa matairi mpaka darini. Mafundi wawili wamekaa juu ya matairi, na chai. Televisheni ukutani. Na wewe, juu ya tairi la lori, daftari magotini.

Ukasema, "Baba?"

Hapo mtu mzima angesema kweli. Ilikuwa imeshafika mdomoni. Nikasema, "Nimekuja kuangalia mbio."

Ukafunga daftari.

"Wewe unaangalia mbio?"

"Zamani sana."

Njeri akanivutia tairi, akalipangusa kwa mkono. "Keti basi. Wewe mzee uko timu gani?"

Nikatazama skrini. Gari zote zimejipanga foleni moja, zinakwenda taratibu, na mbele yao pana moja safi, taa zinawaka juu yake, inawaongoza wote na hakuna anayethubutu kuipita. Nikaona hii ndiyo.

"Ile iliyo mbele," nikasema.

Fundi mmoja akamwaga chai.

Ukasema kwa sauti ndogo, "Baba, ile ni gari ya usalama."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Njeri akatikisa kichwa kwa heshima. "Basi mzee, wewe hakuna siku utashindwa."

Kwa faida ya mgeni mwengine atakayeiokota barua hii: gari ya usalama haishindani. Pakitokea ajali, inatoka, inakaa mbele, wote wanajipanga nyuma yake, marufuku kupitana, mpaka njia isafishwe. Kisha inazima taa zake, inaingia ndani, na mbio zinaendelea. Mimi ndiye mshabiki wake wa pekee, na mlinipa fulana yake ya rangi ya chungwa, na nnaivaa.

Uongo ule ulinichukulia Jumapili za miaka miwili. Nisingeweza tena kukaa nyumbani, ungejua. Ikanibidi nijifunze. Nilijifunza kwa siri, asubuhi ukiwa chuoni, kwenye simu, sauti chini kabisa, mgongo kwenye ukuta. Mama yako akanishuku.

"Unaangalia nini unaficha simu?"

"Matairi."

"Matairi," akasema, na akaninunia siku mbili. Sikuweza kumlaumu. Katika nyumba hii nani alimfundisha kushuku?

Mwanzo nilikaa pale dukani kulinda. Nilihisabu mafundi, nilihisabu milango. Njeri alinipa chai na mandazi yake ya kwao, makavu kidogo, sikumwambia. Halafu ikaja siku moja, mbio zimefika katikati, ukasema, "Kushoto mbele inakwisha. Mzunguko wa tatu kutoka huu, anaingia kubadilisha."

Mafundi wakabisha. Mmoja akasema, "Wewe Zuwena umeongea na dereva?"

Mzunguko wa tatu akaingia.

Hakuna aliyekupigia makofi; walikuwa wameshakuzoea. Ni mimi peke yangu niliyegeuka nyuma, mwanangu, kuangalia nani kakwambia. Niligeuka kweli kweli, shingo na mabega. Nyuma yangu palikuwa na matairi.

Hapo ndipo nilipoona maradhi yangu yamefika wapi. Maana mkono wako niliufundisha mimi. Una miaka sita, nakuita pale uani, nakwambia funga macho, papasa tairi kwa kiganja, kwenda na kurudi, niambie upande gani umeliwa. Ulikuwa hukosei. Nilikuwa nikicheka nikimwita mama yako aje aone. Kisha nikasahau kwamba niliona.

Palikuwa na mzee mmoja, zamani, alikuja na pikapu ya kubebea barafu kutoka Qantab, kijiji cha wavuvi. Gari ya umri wangu, na safi kuliko mimi. Breki sawa, taa sawa, chini hakuna hata tone la mafuta. Nikasema haiwezekani, pikapu ya barafu ya Qantab, chumvi kila upande, isiwe na kutu? Nikaipandisha tena. Nikafungua nilichokuwa sina haki ya kukifungua. Foleni imefika barabarani, watu wanapiga honi. Mzee kasimama kivulini. Mwisho nikampa karatasi yake, imepita. Akaipokea, akasema, "Umetafuta kwa bidii, kijana wangu. Mungu akupe ulichokuwa unakitafuta."

Miaka mingi nilidhani ni dua.

Sitaki kuirefusha hii ya gari ya usalama, maana naona inataka kuwa mawaidha, na mawaidha umesikia ya kutosha. Nitasema nilichokiona tu. Mzunguko wa mwanzo ikitoka, kila mtu anashukuru. Mzunguko wa tatu wanaanza kunung'unika kwenye redio: matairi yanapoa, breki zinapoa. Kuitoa ni rahisi. Kazi ni mtu wa kujua lini ya kuizima taa na kuiingiza ndani. Mie nilitoka siku uliyozaliwa, taa zinawaka. Wewe na mama yako ndio mliobaki nyuma yangu foleni, na mkanivumilia, na mie nikiangalia kwenye kioo najiambia, masha'Allah, hakuna anayenipita, nnaongoza.

Khabari ya kazi hii ulikaa nayo wiki sita. Mama yako alijua, Njeri alijua, nadhani na paka. Uliponiambia, baada ya Maghrib, ulikuwa umesimama karibu na mlango, tayari kwenda.

"Baba, nimepata kazi. Kwenye timu. Uingereza."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikausikia unasema, "Nani..." Nikaushika hapo. Nikasema, "Nani atakupeleka uwanja wa ndege?"

Ukasogea hatua moja kutoka mlangoni. Ukasema, "Wewe."

Tumefika. Jibu lako ni hili.

Nilikufuata. Sikuja kwa mbio wala balbu. Nilisikia harufu ya mpira mpya nikakufuata kutoka Mabela mpaka Hamriya, na kofia ya watu, kwa sababu niliona ni rahisi kwangu kuendesha njia yote ile kuliko kukuuliza. Hukuwa umefanya lolote. Ulinidanganya mahali, ndiyo, hilo lipo. Lakini ukweli wako wa mwisho ulionikabidhi mkononi, niliupigia simu kuuhakikisha. Mtu akishafanyiwa hivyo hana sababu ya kuleta mwengine.

Na ninachokiogopa si baridi ya huko, wala chakula, wala watu. Watu siwaamini, hilo unalijua, sitajisumbua. Naogopa usije ukafika kule na tangi limejaa. Ukazoea. Ukakaa kwenye ile skrini yao, umeona tairi inakwisha kabla ya wote, ukasema "si mbaya", ukasema "tunakwenda", kwa kuogopa mtu asije akageuka nyuma kuangalia nani kakwambia. Watageuka. Wapo kina mimi kila mahali, na wengine wana vyeo. Wakikuuliza nani kakufanyia, usiumwe jino. Waambie hakuna. Halafu kama pana keki, kula.

Mie nitakuwa hapa. Mwezi ujao mbio ya kwanza ni huko Australia, kwetu itakuwa asubuhi ya Jumapili, nitafungua televisheni kwa rimoti yangu. Njeri amesema nije dukani kama kawaida, hata ukiwa haupo, amesema, "Mzee, nani mwingine atashabikia hiyo gari?" Nitakwenda. Safari hii nitamwambia mama yako ninakwenda wapi, na nikirudi ninanuka mpira atajua ni mpira tu.

Nasikia gari yenu getini. Breki ya nyuma kulia inalia, nitaitazama Ijumaa. Barua hii nitakupa mkononi kesho, uisome angani, ambako huwezi kuniuliza zaidi.

Kuhusu sanduku, nataka uyasikie haya kwangu kabla hujaanza kupima zipu. Lilikuwa mbele yangu muda wa saa mbili, peke yetu. Sikulifungua. Zipu iko vile vile, vidole viwili. Nimelipandisha tu kwenye mizani ya bafuni.

Limezidi kilo mbili, na koti bado halijaingia.